Dakika Nne, na Jogoo Anawika

"Wewe ni wewe?"

Ndivyo mama alivyoanza. Hakuna habari za huko, hakuna mtoto kaamkaje. Ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana, nami nimesimama kwenye foleni ya mama ntilie karibu na kazini, sahani mkononi. Tena alikuwa amepiga simu ya kawaida, ile inayokula dakika, jambo ambalo hajalifanya tangu ajue kupiga kwa bando.

"Shikamoo mama. Mimi ni mimi, kwani vipi?"

"Marahaba. Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Nikusikie."

Nikasema. Akashusha pumzi ndefu. Ndipo akanieleza kwamba kuna mtu yumo ndani ya WhatsApp yangu, anaomba hela kwa watu. Kwake pia amefika. Yeye kamwambia atume sauti, na mtu huyo hataki.

Nikafungua simu. WhatsApp ikaniomba niingize namba yangu, kana kwamba hatujawahi kuonana.

Wali niliuacha pale pale.

Sasa wiki ya saba inaelekea kwisha. Akaunti nilishairudisha, na madeni nimeyalipa yote isipokuwa sehemu ndogo. Lakini kila nikilala jambo lile linanirudia, kwa sababu katika ukoo wetu fundi wa simu ni mimi. Ni mimi niliyewafundisha wote, kuanzia mama.

## Masomo ya kibarazani

Mama anaishi Muheza, mkoani Tanga. Simu yake ya kitochi ilipozama kwenye ndoo ya kufulia, tukamnunulia simu janja. Mwezi Desemba ule nilikwenda nyumbani na ratiba kamili kichwani: siku ya kwanza WhatsApp, ya pili YouTube, ya tatu Facebook, na akiiva tunamalizia Instagram. Nilijiona mwalimu haswa.

Siku ya kwanza aliniuliza swali moja tu: "Nikitaka kumwona mjukuu wangu, nabonyeza wapi?"

Nikamwonyesha. Akabonyeza. Mtoto akatokea, ana uji mdomoni. Darasa la mitandao ya kijamii likafungwa hapo hapo, maana siku mbili zilizofuata mwanafunzi hakuwa na haja ya kingine.

Facebook nilimfungulia kwa nguvu. Wiki moja baadaye aliniambia kwamba watu wa kule wanasema mambo ya ndani ya nyumba zao mbele ya umati, naye anaona aibu kuwasikiliza. Hajarudi tena. YouTube aliikubali kwa ajili ya kaswida na mapishi, ingawa mapishi yenyewe huyatazama ili awakosoe wapishi.

Yaliyobaki alijifunza mwenyewe, kwa shida zake mwenyewe, na ndiyo ninayotaka kuyasema hapa. Ukiniuliza leo mtu anayeanza aanzie wapi, nitakutajia mambo ya mama kabla ya ratiba yangu.

La kwanza ni mizigo. Msimu wa machungwa akinitumia kiroba, hupiga picha tatu: kiroba chenyewe kikiwa na jina langu kwa kalamu nene, risiti, na ubavu wa basi pale penye namba. Namba ya konda anaiandika nyuma ya risiti kabla ya kupiga picha. Zamani nilikuwa nafika Shekilango, hapa Dar es Salaam, nazunguka ofisi za mabasi nauliza mzigo wa Muheza kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Siku hizi naonyesha simu, napewa changu.

La pili ni daftari la kikoba, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa. Kila Jumamosi wakishahesabu, katibu anaupiga picha ukurasa wa siku hiyo na kuuweka kwenye grupu mbele ya wote. Hakuna anayeweza kurudi nyumbani akaongeza sifuri. Kulikuwa na mzozo mmoja wa shilingi elfu ishirini ambao zamani ungevunja kikundi. Ulimalizwa kwa kupandisha picha ya miezi mitatu nyuma. Hilo sikumfundisha. Wala katibu mwenyewe hakufundishwa na mtu.

Kuna pia boksi la dawa, ambalo hupigwa picha na kutumwa kwa binamu yangu muuguzi kabla kidonge hakijamezwa. Kuna kutuma mahali, ile alama ya kwenye ramani, ili bodaboda mgeni afike nyumbani bila kuuliza njia kwa kila mwenye duka. Na kuna misiba. Taarifa ya msiba, ratiba ya maziko, orodha ya michango: mambo haya ya magrupu kila mtu anayajua, sina haja ya kuyarefusha.

## Bando la siku mbili

Niseme jambo moja la kiufundi kwa sababu najua wengi mna mzazi analalamika vile vile.

Bando la wiki la mama lilikuwa linaisha siku ya pili. Nikamlaumu. Nikamwambia hizo sauti zako ndefu ndizo zinazokula bando, andika meseji kama watu.

Nilikosea vibaya. Sauti ya dakika nzima haifiki hata megabaiti moja. Kilichokuwa kikimmaliza ni video za magrupu matatu, ambazo simu ilikuwa inazipakua yenyewe usiku na mchana, azitazame asizitazame. Dawa yake ni ya nusu dakika: unaingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, unazuia picha na video zisijipakue zenyewe mtu akiwa anatumia data ya simu. Tangu siku hiyo bando linafika Jumamosi.

Lakini lawama nilikuwa nimeshaitoa. Na niliitoa kwa sababu nyingine, nikiwa mkweli. Zile sauti zilikuwa zinanichosha.

## Sauti za mama

Mtu asiyemjua mama hawezi kuelewa. Sauti moja ya mama ni dakika nne. Inaanza na hodi. Ndiyo, anapiga hodi ndani ya simu, ananyamaza kidogo, kama anangoja nimkaribishe. Kisha anauliza hali yangu, ya mume, ya mtoto, ya dada wa kazi. Kisha anasema mvua imenyesha au haijanyesha. Nyuma jogoo anawika, mtu anatwanga, jirani anapita anasalimiwa, naye anaitikia kwa urefu, sauti bado inarekodiwa. Kwenye dakika ya tatu na nusu ndipo linakuja jambo lenyewe, nalo ni kwamba nisisahau kumpigia mjomba.

Nilimwambia mara nyingi: "Mama, si ungeandika tu, 'mpigie mjomba'? Maneno mawili."

Akasema herufi za simu ni ndogo, macho yake hayako vizuri. Nikamkuzia herufi. Akasema vidole vyake ni vinene, vinagusa mbili kwa pamoja. Nikamwonyesha namna ya kuilaza simu. Siku ile akaniandikia kwa utii, "mpigie mjoma", na nikamsifia. Kesho yake akarudi kwenye hodi.

Nikaacha. Nikawa nazisikiliza kwa kasi ya mara mbili, mama akisikika kama mtangazaji wa mpira. Nyingine nilikuwa naruka moja kwa moja hadi dakika ya tatu na nusu.

Hayo yote hakuyajua. Natumaini.

Kulikuwa na kosa jingine ambalo aliliona. Kipindi fulani alikuwa anasambaza kila kinachomfikia: majani ya kutibu hiki, tahadhari ya kile, ujumbe wa kutuma kwa watu kumi upate baraka. Nikamkemea, tena kwenye grupu la ukoo, mbele ya mashemeji. Alinyamaza siku kumi na moja. Dada yangu mdogo ndiye aliyenifokea: mtu anakufundisha kula na kuvaa bila kukuaibisha mbele za watu, wewe unamwaibisha kwa sababu ya kitunguu saumu?

Nikampigia nikamwomba radhi, kisha nikamweleza habari ya mishale. Ujumbe uliosambazwa huja na mshale juu yake. Ukiwa umeshapita mikono mingi, kuanzia mara tano, unakuja na mishale miwili, na tangu Aprili 2020 WhatsApp haikubali uusambaze huo kwa zaidi ya sehemu moja kwa wakati mmoja. Alielewa upesi kuliko nilivyotegemea. "Kumbe ni kama maneno ya kisimani," akasema. "Yakishapita ndoo tano huwezi kujua aliyeanza."

Sasa ukimtumia ujumbe wa mishale miwili anakurudishia swali: umeutoa wapi?

## Tarakimu sita

Asubuhi ya Alhamisi ile nilikuwa kituoni, nimekosa daladala mbili. Ukaja ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mtu niliyesoma naye chuo, picha yake ile ile, jina lake lile lile. Kwamba kuna namba za tarakimu sita zimekuja kwenye simu yangu kimakosa, alikuwa anajaza fomu, nimsaidie haraka muda unaisha.

Kweli zilikuwa zimekuja, kwa meseji ya kawaida. Na chini yake imeandikwa usimpe mtu yeyote.

Nikampa.

Nimejiuliza mara ngapi nilikuwa nawaza nini. Jibu ni kwamba nilikuwa nawaza daladala. Nilikuwa nimefundisha watu wasitoe namba ya siri ya M-Pesa, wasijibu zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii", na kama zimewafikia waitume namba ya huyo tapeli kwenda 15040, ambako matapeli wa simu huripotiwa. Yote hayo nayajua. Ila ujumbe ule haukutaja hela. Ulikuwa wa rafiki, mwenye haraka kama mimi, anaandika kwa mkato kama mimi.

Baadaye nilielewa mchezo ulivyo. Tapeli anaweka namba yako kwenye simu yake. WhatsApp inatuma tarakimu sita kwako ili ihakikishe ni wewe. Ukimpa tu, akaunti inahamia kwake na wewe unatolewa nje. Rafiki yangu naye alikuwa ameshatolewa hivyo hivyo usiku wa kuamkia siku ile. Aliyeniandikia hakuwa yeye.

Kujirudisha hakukuwa kugumu. Unaingiza namba yako upya, zinakuja tarakimu nyingine, unaziweka, naye anatupwa nje. Lakini tapeli akiwa mjanja anakuwa ameshaweka namba ya siri ya pili, na hapo utasubiri hadi siku saba ndipo uingie, ingawa naye hatakuwa ndani. Wangu alikuwa mjanja. Siku saba nilikaa nje ya mlango wangu mwenyewe. Hiyo namba ya siri ya pili, ya hatua mbili, ungeweza kuiweka wewe leo kabla hajaiweka yeye. Iko kwenye mipangilio, upande wa akaunti. Mimi nilikuwa najua ipo tangu 2017. Nilikuwa nitaiweka.

Kwa wasiwasi nikabonyeza pia *106# kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu cha taifa, kile cha NIDA. Zilikuwa zangu tu.

## Waliotuma na asiyetuma

Tapeli akishaingia hazipati meseji zako za zamani, maana zinakaa kwenye simu yako. Magrupu, hata hivyo, yanamtokea. Kwenye grupu la ukoo akakuta watu zaidi ya hamsini, akaanza kumwandikia mmoja mmoja. Kwa wote ujumbe ulikuwa mmoja: nimekwama, nikopeshe laki moja na nusu, jioni narudisha, simu yangu ya kutolea hela ina shida, tuma kwenye namba hii.

Shangazi, dada wa baba, anayeishi Tanga mjini, alituma yote. Mfanyakazi mwenzangu alituma elfu themanini, akasema ndizo alizokuwa nazo.

Kwa mama ulianza hivi: "Mambo mama."

Mama ananihadithia hadi leo, na kila akifika hapo anasimama. "Mambo! Mimi nimezaa mtu wa kuniambia mambo?"

Hakumtukana. Alibonyeza kinasa sauti, akapiga hodi, akamuuliza hali yake, ya mume, ya mtoto. Akamwambia hiyo hela ipo, lakini naomba unijibu kwa sauti, unajua macho yangu. Tapeli akaandika kwamba maiki ya simu imeharibika. Mama akatuma nyingine, ndefu zaidi: basi nipigie. Tapeli akaandika yuko kwenye kikao. Ya tatu mama alimsimulia habari za mvua. Ninaifikiria sura ya kijana yule popote alipokuwa, anasikiliza dakika nne za jogoo wa Muheza, anasubiri afike kwenye hela.

Mwishowe akamzuia mama. Ndipo mama akanipigia kwa dakika za kawaida.

Nilicheka sana siku ile. Kicheko kikaisha siku mbili baadaye, nilipokwenda kumwomba radhi shangazi.

## Shangazi

Nilitegemea ataniambia alidanganywa na picha yangu. Akanionyesha simu.

Chini kabisa palikuwa na ujumbe wa tapeli. Alipopandisha, nikaona meseji zangu mwenyewe za miaka miwili.

"Shkm shangazi. Naomba nikopeshe elfu 50 ntarudisha mwisho wa mwezi."

"Shkm shangazi, imefika asante."

"Shkm shangazi. Samahani nimekwama kidogo."

Kati ya moja na nyingine imepita miezi. Hakuna picha ya mtoto. Hakuna mvua. Hata shikamoo nimeikata irabu. Na kila safari shangazi alikuwa ametuma, bila swali.

"Sasa mimi ningejuaje?" akaniuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa anauliza kweli.

Sikuwa na jibu. Tapeli hakuwa na meseji zangu za zamani, hakuwa anajua ninavyozungumza na shangazi yangu, akabahatisha tu. Na akapatia. Aliandika kama mimi.

Hapo ndipo lilipoanza kunitafuna hili jambo. Nimewafundisha watu wangu kuandika kwa ufupi, kusalimiana kwa stika, kwenda moja kwa moja kwenye hoja kwa sababu kila mtu yuko bize. Mama peke yake ndiye aliyegoma, nami nikaweka kugoma kwake kwenye hesabu ya uzee. Sidai kwamba alikuwa na hekima ya siri. Macho yake ni mabovu kweli, vidole ni vinene kweli. Angekuwa na macho mazuri huenda naye angetuma laki na nusu. Hilo nalo limenisumbua: pengine ni bahati tu, nami naitafutia maana kwa sababu ni mama yangu.

Sijui. Ila tangu siku ile shangazi namtumia sauti. Za mwanzo zilikuwa ngumu; nilikuwa nasema shikamoo, kisha nakosa la kusema, nasikia feni inazunguka. Naye alinijibu kwa kuandika, "Marahaba, unahitaji shilingi ngapi?"

Tulichukua muda.

## Mbuzi

Kuna mtu alinitibulia raha hivi karibuni. Kijana mmoja kazini, nilipomsimulia habari ya mama, akasema siku hizi hata sauti inaghushiwa. Kompyuta inasikiliza sekunde chache za mtu, inasema chochote kwa sauti yake. Na ni kweli, teknolojia hiyo ipo.

Nikakaa nayo siku mbili, kisha nikampigia mama. Nilijua namtia hofu, lakini nikaona afadhali ajue. Nikamweleza polepole. Alinyamaza, nikasikia anapepeta kitu.

"Sauti yangu pia?"

"Hata yako."

"Na hodi?"

"Hata hodi, mama."

Akapepeta tena. Kisha akasema basi hakuna shida, tutaulizana mambo. Mtu akija na habari ya hela, atamuuliza yule mbuzi wetu wa zamani, aliyeingia kwenye harusi ya jirani akala ukili wa mkeka, alikuwa anaitwa nani. Hilo halipo kwenye simu ya mtu.

Nikaona mama amenipita tena. Nikampongeza, nikaaga.

Jumapili iliyopita nikamtumia sauti, dakika tatu kamili, na hodi nimepiga. Mwishoni nikamwomba anitumie kiroba cha machungwa, na nauli ya mzigo nitarudisha.

Jibu lilikuja baada ya saa moja. Lilikuwa fupi ajabu, sekunde sita.

"Mbuzi alikuwa anaitwa nani?"

Nikakaa kitako. Namwona yule mbuzi, namwona na pembe yake moja iliyokatika, nauona mkeka. Jina silioni. Nikampigia dada yangu mdogo.

"Hata mimi kaniuliza jana," akasema. "Nilikuwa nataka kukuuliza wewe."

Machungwa kapewa jirani.